Huruma Haifundishi Hisabati

Umeenea katika nchi yetu usemi mmoja ambao husemwa kwa nia njema, na kwa kuwa husemwa kwa nia njema haujapata mpinzani. Kijana amalizapo kidato cha sita akawaarifu wazazi na majirani kwamba amechaguliwa kusomea ualimu wa elimu maalumu wa shule za sekondari, hujibiwa: "Hiyo kazi yataka moyo." Hutazamwa kwa jicho la kumsifu na la kumsikitikia kwa pamoja, mfano wa mtu aliyeweka nadhiri ya utawa. Hakuna amwulizaye atafundisha somo gani. Hakuna amwulizaye kama mikono yake inaijua Lugha ya Alama, wala kama vidole vyake vimekwisha kuanza kusoma nukta nundu. Moyo wake umetosha.

Sisi twadai kwamba usemi huo una madhara makubwa kuliko dharau ya wazi. Dharau huonekana, na kinachoonekana hupigwa vita. Huruma huingia nyumbani kwa hodi, ikapewa kiti, kisha ikazima kila swali lililostahili kuulizwa. Maadamu kazi ni ya moyo, chuo hakioni haja ya kuipima mikono ya mwanachuo. Maadamu mwalimu amejitolea, mkaguzi huona haya kuuliza wanafunzi wake wamejua nini. Naye mwanafunzi mwenyewe atadai nini? Apewaye sadaka hatarajiwi kukagua kilichomo bakulini.

Yatazameni maneno yetu. Tunayo "viti maalumu" Bungeni, tunacho "kikosi maalumu" jeshini, tunacho "kikao maalumu" cha wakubwa wanapokabiliwa na jambo zito. Katika matumizi hayo yote neno hili hubeba uzito na heshima: kilicho maalumu kimechaguliwa kwa sababu cha kawaida hakikutosha. Likiambatana na "elimu" tu ndipo neno lilo hilo hupunguzwa sauti, likatamkwa kama neno la msibani. Kikosi maalumu huwa na askari waliofunzwa zaidi ya wenzao. Je, mwalimu wa elimu maalumu hufunzwa zaidi ya wenzake, au husifiwa tu zaidi yao?

Tunayo pia methali, "Hujafa hujaumbika." Wazee waliitoa ili kuwaonya wachekao vilema, na kwa kazi hiyo ilifaa. Lakini ichunguzeni vema. Inamwambia mzima amheshimu asiyeona kwa kuwa naye mzima aweza kupofuka kesho. Haisemi lolote juu ya huyo asiyeona aliyepo leo: anataka nini, anajua nini, amenyimwa nini. Ni methali ya mwenye macho anayejihurumia kabla ya wakati wake. Twaogopa kwamba sehemu kubwa ya moyo wetu kwa watoto wenye ulemavu imejengwa juu ya hofu hiyo, na hofu haijapata kuwa mtaala.

Mambo haya yana asili yake. Shule ya kwanza ya wasioona katika Tanganyika ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki likafungua shule ya viziwi Tabora, na Walutheri wakawa na shule yao ya wasioona Irente, Lushoto. Hatuna sababu ya kuwabeza waliotangulia. Palipokuwa na mtoto aliyefichwa nyuma ya nyumba, wao walimtoa wakampa kitanda, chakula na herufi. Serikali huru nayo ikafungua milango ya shule zake, na Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam ikawa mfano wa watoto wasioona kusoma pamoja na waonao. Lakini kilichozaliwa katika nyumba ya sadaka kilikua na tabia za nyumba hiyo. Lengo lilikuwa kumwokoa mtoto, kumfundisha kusoma na kuandika, kumpa kazi ya mikono. Mafunzo ya walimu yalifuata lengo hilo, yakaelekea shule ya msingi. Haikudhaniwa sana kwamba mtoto yuleyule angefika siku moja kidato cha tatu akadai kufundishwa kemia.

Sasa amefika. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne, na watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba wamo madarasani mwa sekondari. Hapa ndipo mwalimu wa moyo mtupu hufichuka.

Chukueni mfano wa hisabati ya kidato cha pili. Ubaoni pameandikwa 2x + 5 = 11. Mwalimu mwema, mpole, mwenye subira, anaeleza: "Hii ukiitoa hapa ukaipeleka kule, inageuka, halafu hii unaigawa kwa hii." Wenye macho wamefuata kidole chake na wameelewa. Mwanafunzi asiyeona aliyeketi dawati la mbele (maana wema umemweka mbele) amepokea nini? Amepokea "hii", "hapa", "kule" na "hii". Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vionyeshi, lakini kionyeshi bila kidole ni tundu katika sentensi. Mwalimu aliyefunzwa kwa kweli angesema: "Toa tano katika pande zote mbili, upande wa kushoto inabaki mbili eksi, upande wa kulia sita." Sentensi hiyo haihitaji moyo mkubwa. Yahitaji mazoezi ya miezi mingi ya kujisikiliza, hata ulimi uache kutegemea mkono. Na wenye macho nao wangenufaika nayo, kwani wengi wao pia hufuata kidole pasipo kufuata hoja.

Kisha mwanafunzi huyo ataandika jibu lake kwa nukta nundu. Mfumo huo aliubuni Louis Braille, kijana Mfaransa aliyepofuka akiwa mtoto mdogo; alikuwa ameukamilisha kwa kiasi kikubwa mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, akauchapisha mwaka 1829. Nukta sita zikipangwa kwa namna zake zote huzaa alama 63, na kwa alama hizo huandikwa lugha, hisabati, hata muziki. Katika mfumo utumikao sana, herufi kumi za kwanza, a hadi j, ndizo tarakimu pia, zikitanguliwa na alama ya namba; asiyeijua alama hiyo ataisoma 2 kama b. Sehemu, ambayo mwenye macho huiandika moja juu ya nyingine, hapa hulazwa katika mstari mmoja na kufungwa kwa alama mwanzo na mwisho. Aandikaye kwa kibao na kalamu ya chuma huanza kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa, kisha hupindua karatasi ili kusoma. Mambo haya yote hufunzika. Lakini hayafunziki kwa mihadhara miwili na karatasi ya maelezo.

Mwalimu asiyeyajua hufanya nini? Huchukua karatasi ya mwanafunzi akaitafutia mtu wa kuisoma. Jibu hupitia kwa mtu wa tatu, pengine asiyejua aljebra, ndipo likarudi likiwa na alama ya mkasi. Hakuna ajuaye kama aliyekosa ni mwanafunzi au msomaji. Kwa kuwa jambo hilo ni la kuchosha, ikapatikana njia ya mkato: katika shule nyingi mwanafunzi asiyeona ameepushwa na hisabati na masomo ya sayansi kwa desturi ya miaka mingi. Tena huepushwa kwa huruma: "Tusimtese." Hivyo kijana hutoka shuleni akiwa amefungiwa milango ambayo hakuwahi kuigusa, naye amefundishwa kushukuru kwa kufungiwa.

Tuje kwa viziwi, ambako mambo ni magumu zaidi, na ambako sisi tuishughulikiao lugha tuna la kusema kwa kirefu.

Kwanza tuweke sawa neno. Wapo waungwana waonao kwamba "kiziwi" ni tusi, wakatafuta maneno marefu ya kulizunguka. Viziwi wenyewe wamekiita chama chao Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Wanalokataa ni "bubu", na wana haki, kwani si kweli kwamba hawana lugha. Lugha ya Alama ina msamiati wake na sarufi yake, ina utani wake na matusi yake. Wengi wa watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasioijua lugha hiyo. Kwa hiyo wengi huipata shuleni, wakiwa wamechelewa, na wenzao ndio walimu wao wa kwanza. Baadaye hupewa Kiswahili cha maandishi kama lugha ya pili. Kisha, wakiingia kidato cha kwanza, hubadilishiwa meza: lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Mtoto asikiaye hulalamika, na alalamike, lakini yeye Kiingereza anakisikia redioni na njiani. Kiziwi hukutana nacho katika kitabu na ubao peke yake, ikiwa lugha ya tatu, na hutakiwa kujifunza baiolojia ndani yake kuanzia mwezi wa kwanza.

Mwanafunzi kiziwi aweza kuandika katika insha yake: "Mama kitabu nunua jana mimi furaha." Mwalimu wa kawaida huchora mstari mwekundu na kuhitimisha kwamba akili ya mtoto ni nzito. Mwalimu wa huruma hutoa alama za bure. Wote wawili wamemkosea. Lugha ya Alama haina upatanisho wa ngeli kama wetu. Hakuna mkono uwezao kutamka tofauti ya "kitabu changu" na "nyumba yangu" kwa viambishi, kwa kuwa lugha hiyo hupanga mambo kwa nafasi mbele ya mwili, kwa mwelekeo wa mkono na kwa uso. Aliyeandika sentensi ile ametumia akili yake barabara: ametafsiri kutoka lugha anayoifikiri. Anahitaji mwalimu azijuaye sarufi zote mbili, awezaye kumwonyesha zinapoachana, kama vile mwalimu wa Kiingereza amwonyeshavyo Mswahili. Kazi hiyo ni ya isimu. Tena ni isimu ya ndani kuliko ile tunayoipa heshima vyuoni.

Au tuseme yampasa afundishe ushairi wa kimapokeo. Wenzetu wengi hucheka: kiziwi na vina! Lakini Kiswahili humpa kiziwi mlango. Silabi zetu huishia kwa irabu, na maandishi yetu hufuata matamshi, hata mizani huweza kuhesabiwa kwa jicho. Shida huja penye "m". Neno "mtoto" lina mizani mitatu, "mbuzi" lina miwili. Mwenye masikio hasumbuki, sikio humhesabia. Kiziwi ataona "m" ikifuatwa na konsonanti katika maneno yote mawili, na atauliza kwa nini. Hapo mwalimu asiyejua hushika kichwa. Ajuaye atamwambia kwamba "m" ya "mtoto" ni kiambishi cha ngeli chenye kusimama peke yake, na "mb" ya "mbuzi" hutamkwa kwa pamoja. Kisha atamshangaza kwa kumwonyesha kwamba "mbaya" katika "mtu mbaya" na "mbaya" katika "njia mbaya" huandikwa sawasawa lakini hazilingani kwa mizani. Sarufi itafanya kazi ya sikio. Mwanafunzi wa namna hiyo aweza kuijua arudhi yetu kwa hoja kuliko washairi kadhaa tunaowafahamu ambao huipatia kwa bahati. Na akitaka kutunga kwa lugha yake mwenyewe, umbo la mkono likirudiwarudiwa humfanyia kazi ya kina. Utamaduni wa taifa utakuwa umeongezewa tawi, wala hautakuwa umetoa msaada kwa mtu.

Kuna suala la istilahi. Taifa hili liliunda Baraza la Kiswahili mwaka 1967, na wataalamu wetu wakaketi, wakabishana, wakatupatia maneno ya sayansi ambayo leo mtoto huyatamka pasipo kujua yalivunjiwa vichwa vingapi: usanisinuru, mvukizo, kipeo. Ni nani aketiye kutafuta alama ya "usanisinuru"? Mara nyingi ni mwalimu mmoja na wanafunzi wake, saa nne asubuhi, kipindi kikiendelea. Wakipatana, shule nyingine nayo ikapatana vingine, na wote watakutana katika mtihani mmoja wa taifa. Kazi ya baraza zima ameachiwa mtu mmoja, naye huambiwa tu kwamba ana moyo.

Wala asije mtu akadhani kwamba wataalamu wanaosikia waweza kulimaliza jambo hili peke yao. Mwaka 1880 walikutana Milan, Italia, walimu wa viziwi wa mataifa kadhaa, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakapitisha azimio kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, lugha ya alama iondolewe madarasani. Vizazi vya watoto vilifungwa mikono kwa azimio la watu ambao hawakuwa wakihitaji mikono. Kongamano la kimataifa la jamii hiyohiyo lililitupa azimio hilo mwaka 2010 huko Vancouver, Kanada, baada ya miaka 130. Nao waliokutana Milan, twakumbusha, walikuwa watu wema.

Basi huyu atakaye kuwa mwalimu husoma nini chuoni? Tunacho Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, ambacho kazi yake ni elimu maalumu, na zipo shahada za fani hii, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dodoma, zichukuazo miaka mitatu. Kuwepo kwake ni jambo la kushukuru. Lakini shahada, popote itolewapo, huelemea kwenye kile kiwezacho kuandikwa katika daftari la mtihani: aina za ulemavu, visababishi vyake, historia ya nadharia na majina ya wenye nadharia, yote kwa Kiingereza. Mwanachuo aweza kuueleza uziwi kwa kurasa nne, akatenga uziwi wa sikio la kati na ule wa sikio la ndani, akapata alama ya juu, kisha akaingia darasani akashindwa kumwambia mtoto kiziwi, "Fungua kitabu ukurasa wa ishirini." Huko kazini atakutana na wasiojua hata alama moja, naye kwa alama zake thelathini atatukuzwa. Husemwa kwamba katika nchi ya vipofu chongo ni mfalme; methali hiyo wasioona wana haki ya kuichukia, lakini kama ingebuniwa kwa ajili ya walimu wetu wenye macho yao mawili ingekuwa imepatia.

Lugha yetu imeviweka jamaa moja vitu vitatu: kufunda, kufundisha, na fundi. Hatumpi mtu chombo cha baharini kwa kuwa anawahurumia abiria. Twamwuliza kama anaijua mikondo ya maji.

Wapo watakaotujibu kwa hoja ya elimu jumuishi. Watasema: tangu Azimio la Salamanca la mwaka 1994, ambalo serikali 92 zilishiriki katika kulifanya, dunia imeelekea kumweka mtoto mwenye ulemavu katika shule ya kawaida pamoja na jirani zake, kwa hiyo kila mwalimu awe mwalimu wa wote, na fani ya pekee haihitajiki tena. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo twaikubali kwa mikono miwili. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, imesimama juu yake, na ni haki. Nusu ya pili ni hila. Kila mwalimu awe mwalimu wa wote, naam, na kila mwananchi ajue huduma ya kwanza. Je, tumfukuze daktari wa upasuaji? Shule ya kawaida impokeapo mwanafunzi asiyeona huhitaji ujuzi mwingi zaidi wa nukta nundu, maana sasa ramani ya jiografia, jedwali la elementi na kitabu cha fasihi vyote vyapaswa kumfikia kwa wakati uleule vinapowafikia wenziwe. Kijana akiketi katikati ya darasa ambalo hakuna awezaye kuisoma karatasi yake, hajajumuishwa. Amehifadhiwa.

Mfano wa kuhifadhiwa tunao, nao ni wa uchungu. Watoto wenye ualbino walipowindwa na wauaji katika miaka ya 2000, Serikali iliwakusanya wengine katika shule kama Buhangija, Shinyanga. Ulinzi ulikuwa wa lazima, na aliyeutoa alitenda wajibu. Lakini mtoto huyo akiisha kufika sekondari, swali hubadilika. Ni nani darasani ajuaye kwamba uoni wake ni hafifu, kwamba ubao autazamao toka hatua nne ni ukungu, kwamba mtihani wake wataka maandishi makubwa na kivuli chataka kuzingatiwa wakati wa michezo? Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao, naye ana ualbino. Walimpa kazi, hawakumpa pole.

Wengine husema nchi yetu ni maskini. Umaskini tunaujua, na mashine ya kuandikia nukta nundu kweli ni ghali na huagizwa kutoka nje. Lakini Lugha ya Alama haiagizwi. Kibao na kalamu yake si ghali hivyo. Kusema "toa tano pande zote mbili" badala ya "hii peleka kule" hakugharimu senti. Kilicho ghali ni miaka mitatu ya mwanachuo ikiisha naye hana ufasaha, kisha mshahara wake wa miaka thelathini, na juu ya yote vijana waliopita mbele yake.

Katika mijadala ya namna hii hakikosi kutajwa kisa cha Helen Keller, mtoto wa Alabama, Marekani, aliyekuwa haoni wala hasikii, na mwalimu wake Anne Sullivan. Wapenda huruma hukisimulia kama muujiza wa upendo. Hebu tukisome kisa upya. Sullivan aliwasili nyumbani kwa Keller tarehe 3 Machi 1887, akiwa na miaka ishirini. Mtoto alikuwa na wazazi waliompenda kwa miaka sita na zaidi, na upendo wao haukumfikisha kwenye neno hata moja la lugha. Alichokuja nacho Sullivan ni alfabeti ya vidole, ambayo alijifunza katika shule ya wasioona ya Perkins alikosomea yeye mwenyewe, akiwa mtu wa macho mabovu. Baadaye aliketi na Keller katika madarasa ya Chuo cha Radcliffe, akimwandikia mihadhara kiganjani, hata Keller akahitimu mwaka 1904. Ondoeni vidole vile vilivyofunzwa, mbakize upendo tu: kisa hakipo.

Hatuna nafasi ya kuwaeleza kwa urefu uliostahili wanafunzi wenye usonji au ulemavu wa akili. Tutaje hili moja tu: ukali wa ratiba ya sekondari, ambapo kila dakika arubaini mwalimu na somo hubadilika, ni mateso kwa mwanafunzi mwenye usonji ambaye shule ya msingi ilimzoesha mwalimu mmoja; na katika mafunzo ya mwalimu wa sekondari jambo hilo hupewa nafasi ndogo mno.

Na akiisha kuhitimu hupelekwa wapi? Mara nyingi mhitimu wa elimu maalumu hupangwa katika shule isiyo na mwanafunzi hata mmoja wa fani yake, kwa kuwa halmashauri iliomba mwalimu wa Historia naye ana Historia. Baada ya miaka mitano alama zimemtoka mikononi. Wakati huohuo, wilaya ya pili, shule yenye viziwi arubaini inamtegemea mkalimani mmoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wataka katika ibara ya 24 kwamba serikali ziajiri walimu wenye ujuzi wa lugha ya alama na nukta nundu, wakiwemo walimu wenye ulemavu wenyewe. Tuliuridhia kwa hiari yetu. Afisa apangaye walimu huenda hajapata kuiona ibara hiyo, na fomu anayoijaza haina kisanduku cha kuuliza.

Ninyi wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita mnaofikiria kazi hii, hatuwakatishi tamaa. Twawaomba muingie wengi, hasa ninyi wenye hisabati na sayansi, ambao mmekuwa mkiambiwa kwamba elimu maalumu ni ya waliokosa mahali pengine. Mkiingia, dai lenu la kwanza chuoni liwe kupimwa. Kabla mwanachuo hajapewa cheti, na asimame mbele ya darasa la viziwi wa kidato cha tatu kwa dakika arubaini, bila mkalimani, afundishe mada moja ya somo lake. Na apewe daftari lililoandikwa kwa nukta nundu na mwanafunzi asiyemjua, alisahihishe mwenyewe, mlinganyo kwa mlinganyo. Watahini katika jaribio la kwanza wawe viziwi, na katika la pili wasioona, wenye sauti kamili ya kumfaulisha au kumrudisha mwaka. Waulizwe swali moja tu watakapotoka chumbani: je, mmeelewa alichofundisha?